Waliomo Ndani ya Udi

Jumamosi ya kwanza baada ya masika, saa kumi alasiri, watu kumi walipanda ngazi za klabu ya taarabu iliyo juu ya duka la mabeseni, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kuja kuamua kama udi wa zamani ni bora kuliko udi mpya. Ubishi huo ulikuwa umeanza mwezi wa Ramadhani, kwenye kahawa, na mpaka siku hiyo ulikuwa umeshavunja urafiki wa watu wawili na kiti kimoja. Mwenyekiti wa klabu, mzee Abdulrazak, muuza vipuri vya cherehani, alichoka kusikiliza midomo, akasema basi, zisikilizwe nyuzi.

Utaratibu aliuweka yeye mwenyewe. Shuka lilitungikwa katikati ya chumba, na nyuma yake akakaa Samir, mpigaji, na vyombo vyote viwili. Angepiga wimbo uleule mara mbili bila kusema ameshika kipi, wala kukohoa, maana Abdulrazak aliamini kwamba Samir hukohoa akifurahi. Kila msikilizaji alipewa kikombe cha kahawa, na akimaliza kunywa angekiweka kwenye sinia ya kwanza au sinia ya pili. Wenye kuongeza kahawa wasingehesabiwa mara mbili.

Udi wa zamani ulijulikana Kariakoo nzima. Babu yake Samir alikuja nao kutoka Hadhramaut ukiwa umefungwa ndani ya godoro, na waliojua kuhesabu walisema una miaka mia na thelathini. Ulikaa nyumbani kwa kina Samir, Mchafukoge, ghorofa ya tatu, ukatolewa kwa harusi za heshima tu. Waliouhusudu walisema mti ukikauka miaka yote hiyo hauna tena cha kuficha, na kwamba hakuna fundi aliye hai anayeweza kutengeneza sauti ile, hata akipewa mbao na umri.

Udi mpya ulikuwa na miezi minne. Aliutengeneza Vitalis, seremala wa Gerezani, mtu wa Ndanda, miaka hamsini na minane, aliyeliwa ncha ya kidole gumba na randa ya umeme. Mgongo wake ulikuwa wa mninga, na uso wake wa mbao nyeupe za makreti yaliyoleta injini kutoka Ulaya. Ungechungulia ndani ya tundu ungeona mshale mwekundu wa kuonyesha upande wa juu. Vitalis alikuwa na hoja moja, na aliitoa akiulizwa na hata asipoulizwa: vyombo vibovu vya zamani vilishageuka kuni, vilivyobaki ni vile vilivyokuwa vizuri tangu siku ya kwanza, halafu watu wanasema ni uzee uliovipa utamu.

Samir alipiga, akapumzika, akapiga tena. Watu walikunywa kahawa taratibu, kila mmoja akiangalia mbele yake. Vikombe vilipokwisha kuwekwa, vitatu vilikuwa kwenye sinia ya kwanza na saba kwenye ya pili. Abdulrazak alifungua shuka. Sinia ya pili ilikuwa ya udi wa makreti. Mtu mmoja aliomba vihesabiwe upya, vikahesabiwa, vikawa saba.

Samir hakukasirika. Aliugeuza udi wa babu yake kwenye mwanga wa dirisha, akawaonyesha ufa mwembamba kuliko unywele, ulioanzia kwenye tundu ukashuka mpaka chini ya nyuzi.

"Unaumwa tangu masika," alisema. "Jangwani ilivyofurika, nyumba nzima ilikuwa inatoa jasho. Kisha jua likaja ghafla. Sasa sauti inavuja. Mama amesema, udi mpya ukishinda leo, fundi wake ndiye autibu. Fundi Vitalis, hiyo kazi yako."

Vitalis alikuwa akiingoja siku hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Alitia kila udi kwenye mfuko wake, akaning'iniza mmoja kila bega, akatembea mpaka Gerezani akicheka peke yake njiani. Wauza soksi walidhani amekunywa.

*

Karakana ya Vitalis ilikuwa chumba kimoja, kati ya duka la vipuri na kibanda cha Beno, fundi rejeta. Alifanya kazi na mdogo wake, Skolastika, ambaye alipiga msasa kuliko mashine na kuchagua mbao kwa kuzigonga kwa kifundo cha kidole na kuweka shavu. Ubao alioukataa yeye haukuwahi kuimba. Skola alikuwa na miaka hamsini, na hakuwa na sauti. Hakuwa bubu wa kuzaliwa. Alizaliwa na sauti kubwa tu, akaitumia mpaka miaka kumi na saba, ikaondoka kidogo kidogo kama kipande cha sabuni.

Iliondokea nyumbani kwa kina Samir. Mwaka themanini na saba Vitalis, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikwenda kutengeneza kabati la Bi Azza, mama yake Samir, na Bi Azza akamwambia anatafuta binti mwaminifu wa kumsaidia kazi. Vitalis alisafiri mpaka Ndanda, akamwambia mama yao kwamba Skola atafundishwa cherehani, akarudi naye. Walikaa siku tatu njiani, mbili kati ya hizo wakisubiri kivuko cha Rufiji, na Skola alisema siku zote tatu. Aliwasimulia abiria kuhusu mbuzi wa padri, kuhusu dada zake, kuhusu ndoto za dada zake. Mzee mmoja alimnunulia muwa ili apate kutafuna. Miaka mitatu baadaye Vitalis alipokwenda kumchukua alikuwa hatoi hata mnong'ono. Daktari alimmulika kooni kwa tochi akasema koo ni zima. Cherehani hakufundishwa.

Jumatatu asubuhi Vitalis alilegeza nyuzi za udi wa zamani, akaulaza juu ya blanketi. Udi ukakohoa.

Alisubiri. Baada ya dakika moja sauti ya msichana ikatoka ndani ya ufa, ndogo lakini safi, ikasema nguo zimekauka zote isipokuwa shuka la bluu. Halafu sauti nyingine, yenye lafudhi ya Kimwera, ikahesabu vibanio vya nguo mpaka arobaini, ikaanza upya. Vitalis alivuta kigoda akakaa.

Beno alichungulia mlangoni, mikono imejaa risasi ya kuchomelea.

"Mambo, fundi. Umenunua redio?"

"Siyo redio. Udi wa kina Samir."

"Ahaa." Beno alisikiliza kidogo. "Betri zake zinadumu?"

"Hauna betri."

"Nyie ndo mnafaidi," alisema Beno, akaazima kibano kimoja, akaenda zake.

Kufika adhuhuri Vitalis alikuwa ameshatenga sauti nne. Mmoja alikuwa wa vibanio. Mmoja alitaja majina ya wadogo zake kwa mpangilio wa kuzaliwa, kutoka mkubwa mpaka kitinda mimba, halafu akaongeza la marehemu. Mmoja aliomba radhi kwa kuvunja birika. Mmoja hakuwa na neno lolote, alikohoa tu. Vitalis aligundua pia kwamba, ukiacha hesabu ya vibanio, kila jambo lilisemwa mara moja. Birika halikuombewa radhi tena, na majina hayakurudi. Kilichotoka kilikwenda mlangoni, kikapita kwenye vipuri, kikaishia barabarani kwenye mwendokasi.

Saa saba Skola aliingia na chakula, wali na mchicha, kwenye mabakuli mawili yaliyofunikwa. Alikuwa bado hajaweka la pili chini udi uliposema:

"Kaka Vita, leo nimefua mashuka sita. Unakuja lini kunichukua?"

Skola aliweka bakuli chini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni sauti ya nani. Ilikuwa sauti ya kwenye basi, sauti ya mbuzi wa padri, ila imeshushwa, kama ya mtu anayesema chini ya shuka asisikike chumba cha pili. Vitalis alimtazama mdogo wake, na mdogo wake aliutazama udi.

"Kaka Vita, ile Jumapili ulipokuja nilitaka kukwambia lakini mama alikuwa amekaa. Jumapili nyingine kaa karibu na mlango. Unakuja lini kunichukua?"

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwa miaka mitatu, Vitalis alikuwa akipanda ghorofa ile. Alikaa jikoni, akapewa chai ya maziwa na kipande cha mkate wa kumimina, na Bi Azza akakaa nao kwa heshima. Alimuuliza Skola hujambo, Skola akajibu sijambo kaka. Mwaka wa kwanza alijibu kwa maneno kumi, wa pili kwa matatu, wa tatu kwa kutikisa kichwa. Vitalis alirudi chumbani kwake akifurahi. Alifikiri mjini wamemfunza adabu.

Wali ulipoa. Vitalis alilia, kwa sauti, mbele ya mlango ulio wazi, na Beno upande wa pili akapunguza moto wa kuchomelea ili asiharibu kilio cha mtu.

*

Jumanne walijaribu kuirudisha. Skola aliinama juu ya udi, akafunika ufa kwa midomo, akavuta pumzi kama mtu anayenyonya chungwa. Alifanya hivyo mara nyingi, asubuhi nzima. Mwisho aliinua kichwa na kukohoa, kikohozi cha sauti kabisa, cha kwanza kutoka kifuani mwake kwa miaka thelathini na mitatu. Vitalis aliruka kwa furaha. Lakini hakikuwa chake. Kilikuwa kile kikohozi cha yule msichana asiyesema, chepesi, cha mtoto wa miaka kumi na mbili hivi, na Skola alikitoa mara tatu kisha akafunga mdomo. Alikaa amekishika ndani mpaka jioni, akiogopa kukimaliza. Kabla ya kufunga karakana aliinama tena, akakirudisha kwenye ufa kwa kukohoa.

Sauti zilikuwa zimechanganyika, kama mchele uliomwagikia choroko, na hakuna ungo wa kuzipepeta. Na wakati huo zilikuwa zinavuja. Siku mbili tu, na msichana wa vibanio alikuwa hafiki tena arobaini. Alifika ishirini na sita akanyamaza.

Jumatano Vitalis alivaa shati la kanisani akaenda Mchafukoge.

Bi Azza alikuwa na miaka themanini na goti moja bovu, na bado alipika halwa yake mwenyewe. Alimkalisha Vitalis kwenye kochi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia udi wako umetushinda. Hongera. Skola hajambo?"

"Hajambo, Mama. Nimekuja kwa ajili yake." Vitalis alishika kikombe kwa mikono miwili. "Sauti yake imo ndani ya udi."

"Imo," alisema Bi Azza, akimsogezea halwa. "Ya kwake ndiyo tamu kuliko zote. Marehemu mume wangu, Abdulla, alikuwa akisema, tangu amekuja mtoto yule, nyuzi nyembamba zimefunguka."

"Kwa hiyo mlijua."

"Nyumba yangu, nisijue? Udi hautaki joto, Vitalis. Chumba chenye ubaridi ni kile cha nyuma, na wasichana ndimo walimolala, kingine hakipo. Hakuna aliyewaambia wauzungumzishe. Ni upweke. Mtoto akiwa peke yake husema na chochote, na mti mkavu hunywa." Alishusha pumzi. "Udi ule ulipofika hapa, alivyokuwa akisimulia mkwe wangu, ulikuwa na sauti ya kawaida tu. Ulikuja kuwa mtamu hapahapa Dar es Salaam."

Hilo lilimwingia Vitalis vibaya. Maisha yake yote ya ufundi alikuwa akikondesha mbao, akipima unene kwa karatasi, akichemsha gundi za kila mnyama, ili aifikie sauti ile. Alidhani anashindana na seremala.

"Naomba nimrudishie," alisema.

"Umrudishie kwa kitu gani? Kwa kijiko?" Bi Azza hakusema kwa dhihaka, alitaka kujua. "Humo ndani yumo Somoe, yumo Mwanahawa, yumo yule mdogo wa kifua, yumo wa Nachingwea ambaye jina lake limenitoka, Mungu anisamehe. Ukifungua kumtafuta wa kwako, wa wenzio watatoka wapotee. Ndugu zao wakija utawaambia nini?"

Vitalis alikuwa amejiandaa kugombana na mtu mbaya, na mbele yake alikaa mwanamke aliyekuwa akikumbuka kila msichana alipenda kitoweo gani.

"Walikula tulichokula," alisema Bi Azza. "Kila Iddi nguo mpya, hata Skola ambaye Iddi si yake. Nilipoona sauti inapungua nilimtilia asali kwenye maziwa."

"Ungemhamisha chumba, Mama."

"Wapi?" aliuliza, kwa upole kabisa. Kisha akasema lile ambalo Vitalis alikuwa amelala nalo na kuamka nalo tangu Jumatatu. "Na mimi sikwenda Ndanda kumchukua. Wewe ndiye uliyemleta. Nilikuuliza, ameridhika? Ukasema ameridhika."

Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Machozi yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomuuma Vitalis kuliko yote. Alikunywa kahawa yake, akashukuru. Akiwa mlangoni Bi Azza alimkumbusha kwamba Jumamosi Samir ana wageni, na ufa uwe umezibwa.

*

Alhamisi Vitalis alimweleza Skola kila kitu, bila kupunguza, pamoja na alichokijibu mwaka themanini na saba alipoulizwa kama ameridhika. Skola alimsikiliza huku akipiga msasa kigingi kisichohitaji msasa.

"Nauacha wazi," alisema Vitalis. "Tukae hapa wawili tusikilize mpaka maneno yaishe. Angalau utakuwa umesikika. Wakikuta udi mtupu watanifanya nini? Waniweke ndani."

Skola alichukua kipande cha mbao na penseli ya seremala. Alikuwa amemaliza darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Aliandika: *Ziba.*

"Kwa nini?"

*Ikitoka haiji kwangu. Inaenda barabarani.* Aligeuza ubao upande wa pili. *Humo ndani angalau ipo.*

"Lakini itakuwa yao."

Skola aliweka penseli. Alitia maji kwenye kopo, akaweka vipande vya gundi ya ngozi, akawasha jiko, akaanza kukoroga.

Kuziba ufa wa namna ile ni kazi ya saa moja kwa fundi anayejua, na Vitalis alikuwa anajua kuliko mtu yeyote mjini. Unakata vibanzi vyembamba vya mbao nyepesi, unavipitisha kwenye tundu kwa koleo refu, unavigandisha kwa ndani kama bandeji, kisha unabana kingo za ufa zikutane. Mbao nyepesi aliyokuwa nayo ilikuwa ya kreti. Alikata vibanzi vinne. Mkono wake ulitulia, na aliuchukia kwa kutulia.

Muda wote huo udi ulikuwa unasema. Msichana wa birika alisema anajua kupika biriani sasa. Mwingine aliimba mistari miwili ya kumbembeleza mtoto, na Vitalis akakumbuka kwamba mtoto mwenyewe angekuwa Samir. Gundi ilipoiva Skola alileta kopo, akabaki amesimama karibu na bega la kaka yake. Vitalis aliingiza vibanzi kimoja kimoja. Sauti zilififia, kama watu wanaorudi vyumbani. Ilibaki sehemu ya chini, upana wa kidole.

"Kaka Vita," ilisema sauti ya Skola, "leo nimesahau jina la mbuzi wa padri. Nimelala nalitafuta. Ukija nikumbushe."

Vitalis alikuwa analikumbuka. Alilitamka, karibu na ufa. Sijui kama lilifika. Udi hunywa polepole.

"Kaka Vita, nasikia mtu kwenye ngazi. Ni wewe?"

Skola aliweka mkono wake juu ya mkono wa Vitalis uliokuwa kwenye kibano, na wote wawili wakakaza.

*

Jumamosi Vitalis na Skola waliurudisha udi Mchafukoge. Skola hakuwa amepanda ngazi zile tangu aliposhuka. Alipofika juu alivua viatu akavipanga mahali alipokuwa akivipanga zamani, nyuma ya mlango wa jikoni, kisha akaona haya akavirudisha mbele na vya wageni.

Samir, mwanamume wa miaka arobaini na miwili mwenye duka la vitambaa na mvi za ndevuni, aliinuka kwenye kiti mbele ya watu wote.

"Shikamoo, dada Skola."

Skola alimwitikia kwa kumshika kichwa, kama alivyokuwa akimshika kumwosha.

"Dada yangu huyu," Samir aliwaambia wageni, "ndiye aliyenifundisha kuhesabu."

Abdulrazak alikuwepo, na watatu katika wale saba wa sinia ya pili. Waliomba wasikie vyombo vyote viwili, safari hii bila shuka. Vitalis alikuwa amekuja na udi wake. Alikuwa haendi popote bila huo tangu ushinde. Samir aliuanza huo mpya. Ulipiga vizuri, sauti ya wazi, kavu, iliyonyooka, na watu walitikisa vichwa. Kisha akachukua wa babu yake.

Wageni walisikia udi. Hawakusikia maneno, kwa kuwa ndani ya chombo kilichozibika maneno huyeyuka yakawa utamu, na utamu ndio waliokuwa wamefuata. Lakini Vitalis alikuwa ameshayasikia yakiwa matupu, kwa hiyo hakuweza kuacha kuyasikia. Nyuzi nene zilikuwa Mwanahawa na Somoe. Kikohozi kilikuwa ule mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa kila pigo, ambao wajuzi huusifu. Na kwenye nyuzi nyembamba, juu kabisa, alikuwepo Skola wa miaka kumi na minne, akifua mashuka, akimngoja kaka yake.

Skola wa miaka hamsini alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa akiyafuata maneno yake, akichelewa kidogo kila mahali, kama mtu aliyesahau wimbo wa shuleni. Bi Azza alimwona, akafunika uso kwa mtandio.

"Hapana ubishi tena," alisema Abdulrazak, Samir alipomaliza. "Fundi, sema mwenyewe. Upi?"

Watu wote walimgeukia Vitalis. Walikuwa watu wastaarabu. Wangemsamehe kama angejitetea.

"Huo wa zamani," alisema.

"Wako ni mzuri," alisema Samir haraka. "Mimi nitaununua, wallahi. Ila huu una watu ndani."

Vitalis aliuweka udi wake kwenye mfuko. Akasema hauuzi. Samir alidhani ni bei, akataja kubwa zaidi, na Vitalis akafunga zipu. Alikuwa ameona, mlango wa chumba cha nyuma ulipofunguliwa kupitisha sinia ya maji, msumari mpya kwenye ukuta ule, kando ya msumari wa zamani wa kutungikia udi. Chini yake palikuwa na godoro lililokunjwa na begi la shule lenye jina la mtu.

Maji yaliletwa na msichana wa Tandahimba. Alikuwa na wiki mbili tu mjini. Alimsalimia kila mgeni kwa urefu, akamwuliza Abdulrazak habari za duka ambalo hakuwahi kuliona, akamwambia Skola kwamba gauni lake linafanana na la mjomba wake, yaani la mke wa mjomba wake. Watu wakacheka. Skola alimshika mkono. Alimvuta karibu, akafungua mdomo, akasema kila kitu, chumba, udi, mti unavyokunywa, yote kwa mpangilio, na hapakutoka hata pumzi. Msichana alisubiri kwa adabu mpaka akamaliza.

"Sawa, shangazi," alisema, akaenda kuchukua glasi.

Vitalis alisema na Bi Azza kabla ya kuaga. Alimwomba huyu alale sebuleni. Bi Azza alimsikiliza vizuri sana. Alisema sebuleni Samir hukaa na wageni mpaka saa za usiku, si mahali pa mtoto wa kike, na mtu angewasema vibaya. Alisema atamtilia asali mapema zaidi. Kisha akampa Skola doti ya khanga, akamwambia mlango uko wazi, aje Alhamisi yoyote, Samir anapopiga, asikilize, hii ni nyumba yake.

Walishuka ngazi. Barabarani ilikuwa saa kumi na moja jioni, watu wanafunga maduka, wauza mitumba wanapunguza bei kwa kupiga makofi. Juu, dirisha la ghorofa ya tatu lilikuwa wazi, na Samir alikuwa ameanza kupiga tena kwa wageni wapya.

Vitalis alisimama katikati ya njia. Skola alisimama naye, khanga kwapani. Wapita njia walisikia udi, na mmoja wao alisema duh, huyo anajua. Vitalis alisikia, *Kaka Vita, unakuja lini kunichukua?*

"Nimekuja," alijibu, kwa sauti kubwa, akitazama juu. "Skola! Nimeshakuja. Niko chini hapa."

Dirishani hakuna aliyechungulia. Nyuzi ziliendelea, nyembamba, na ombi likarudiwa kama lilivyo, bila kubadilika neno. Akajibu tena. Nyuma yao mtu wa mkokoteni wenye magunia ya mchele alikuwa akipiga mluzi apishwe, na Skola, aliyekuwa ameuona mkokoteni kabla yake, alimvuta mkono wa shati wakasogea kando, wakampisha.